Riwaya ya watoto kuhusu vita vya 1914–1918 Tanga: nimekwama kwenye ukweli na umri wa wasomaji

KalamuChipukizi:

Habari zenu wakuu. Ninaandika riwaya ya watoto wa miaka 9 hadi 12. Mahali ni Tanga, wakati Wajerumani na Waingereza wanapigana. Wahusika ni wawili: Chausiku, miaka 11, binti wa shaushi (sajenti) wa jeshi la Kijerumani, na Mbaraka, miaka 12, ambaye baba yake ni fundi wa reli na anakamatwa kuwa mpagazi (mbeba mizigo wa jeshi). Watoto hawa ni marafiki wa kufa na kuzikana. Wanatoroka usiku, wanatembea mpaka Morogoro, wanamkomboa baba yake Mbaraka na kurudi naye.

Rasimu ina maneno 61,000. Inaanza meli za Waingereza zinapofika Tanga Novemba 1914 na kuishia Wajerumani wanapojisalimisha Novemba 1918. Walioisoma wanalalamika kwamba ni ndefu, kwamba watoto wanafanya mambo ya wanaume wazima (Mbaraka anafyatua bunduki mara mbili), na kwamba sura za mapigano zinatisha tu bila kusogeza hadithi.

Naomba msaada hapa: nikate wapi? Ujasiri wa mtoto uonyeshwe vipi bila bunduki? Na kuna makosa gani ya kihistoria ambayo mtu anayejua ataniumbua nayo? Pesa nimetumia shilingi, nchi nimeiita Tanganyika, na usiku wa kutoroka nimeuweka tarehe 6 Julai 1916, saa kumi za usiku, mbalamwezi ikiwaka.

---

HifadhiYaKaratasi:

Nianze na huo usiku, maana ndio unaoonyesha tatizo lenyewe.

Tarehe 6 Julai 1916 ilikuwa ndani ya Ramadhani. Mwezi uliandama mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo usiku huo ulikuwa na siku tano au sita tu. Mwezi mchanga kama huo hutua kabla ya saa sita za usiku. Saa kumi za usiku ni giza totoro. Baya zaidi, saa kumi za usiku za Ramadhani mji wa Waislamu umeamka wote unakula daku. Watoto wako wanatoroka huku kila jiko linawaka na kila mlango uko wazi! Unaweza kuligeuza hili likufae: watoke baada ya tarawehe, watu wanapolala kidogo, na mwezi bado uko magharibi kwa saa mbili hivi. Au sogeza safari mpaka katikati ya Ramadhani, karibu na tarehe 15 Julai, uwe na mbalamwezi usiku kucha. Lakini kumbuka mwanga huo unamsaidia na anayewatafuta.

Kwa kila sura yenye usiku, tafuta tarehe ya Kiislamu ya siku ile. Ukishajua mwezi una siku ngapi umejua mwanga, na mara nyingi umejua watu walikuwa wanafanya nini. Mfano mwingine: meli zilipotokea mbele ya Tanga tarehe 2 Novemba 1914, zilikuwa zimepita siku chache tu tangu Idi ya kuchinja, na mwezi ulikuwa mpevu. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alipofika kwa treni usiku wa kuamkia tarehe 4, aliingia mjini kwa baiskeli kukagua, na mwezi ulikuwa unang'aa. Mtoto aliyejificha uani angeweza kabisa kumwona Mzungu anapita kwa baiskeli barabara tupu. Tukio hilo moja lina thamani kuliko kurasa kumi za risasi.

Sasa tarehe kubwa, maana ndizo zitakazokata rasimu yako:

Mapigano ya Tanga ni Novemba 2 hadi 5, 1914. Waingereza walileta jeshi la watu kama 8,000 kutoka India, upande wa Wajerumani walikuwa kama 1,000, na bado walioshindwa ni waliokuwa wengi. Baada ya hapo Tanga inakaa karibu miaka miwili mikononi mwa Wajerumani, bahari ikiwa imefungwa na manowari. Machi 1916 Waingereza chini ya Jenerali Smuts wanaingia Moshi, kisha wanateremka kufuata reli ya Usambara. Korogwe inaanguka katikati ya Juni, Handeni siku chache baadaye, Tanga tarehe 7 Julai bila mapigano makubwa, Morogoro tarehe 26 Agosti, Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Baada ya hapo vita vinahamia Rufiji na kusini, vinavuka Ruvuma Novemba 1917, na vinaishia Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918.

Ukiangalia mfululizo huo utaona kwamba safari yako haiwezekani. Mbaraka akitoka Tanga baada ya tarehe 7 Julai, yuko eneo la Waingereza. Baba yake, kama bado yuko na Wajerumani, yuko upande wa pili wa mstari wa mapigano, na mstari huo unasogea kila wiki. Hawavuki. Watu wazima wenye vibali hawakuvuka.

Dawa ni hii: baba augue. Wajerumani walipokuwa wanarudi nyuma waliacha wagonjwa wengi njiani. Mwache Korogwe, kwenye kibanda cha wagonjwa. Kutoka Tanga hadi Korogwe kwa reli ni kilomita zipatazo 80. Watoto hawahitaji ramani wala mlinzi, wanafuata reli tu, ambayo Wajerumani waliibomoa sehemu nyingi pamoja na madaraja walipokuwa wanaondoka. Hapo una vikwazo vya kutosha.

Mengine kwa kifupi. Shilingi haikuwapo, ilikuja mwanzoni mwa miaka ya 1920. Tumia rupia na hela, hela 100 kwa rupia moja. Jina Tanganyika kama jina la nchi lilianza 1920, kwa hiyo mtu wa 1916 atasema "nchi ya Mdachi" (yaani Mjerumani), "pwani", "bara", au ataje mji. Hakuna aliyeita vita ile "ya Kwanza", maana ya pili haijatokea. Na kama umeweka ile sarafu ya shaba ya hela 20 iliyofuliwa Tabora, hakikisha haionekani Tanga mwaka 1915, kwani zilitengenezwa 1916.

---

MhaririMsomaVitabu:

HifadhiYaKaratasi kakuokoa na Morogoro. Mimi nizungumzie kitabu.

Maneno 61,000 kwa mtoto wa miaka 10 anayesoma Kiswahili ni mengi mno. Lenga 22,000 hadi 28,000. Kiswahili kina maneno marefu. Ukurasa wa kitabu cha watoto wenye herufi za pointi 13 hubeba maneno kama 230. Maneno 25,000 yanakupa kurasa kama 110 za maandishi. Ongeza michoro, ramani na kurasa za mwanzo, unafika 128, ambayo mchapaji anaipenda kwa sababu inagawanyika kwa 16. Ukifika 131 unalipia karatasi tupu.

Sura ziwe za maneno 1,200 hadi 1,500. Kwa kusoma kwa sauti, maneno 120 kwa dakika, hiyo ni dakika 10 hadi 13, kiasi ambacho mwalimu anamaliza ndani ya kipindi na bado akapata muda wa maswali. Sentensi za maneno 8 hadi 14. Jihadhari na vitenzi vilivyojazwa viambishi: "waliyowatengenezea" ni neno moja kwa kompyuta, kwa mtoto ni kilima. Ukiona mawili kwenye sentensi moja, vunja.

Sasa hilo la kukata. Usipunguze kila sura kidogo kidogo, utabaki na hadithi ileile iliyokonda. Chagua dirisha moja la wakati. Kwa maoni yangu ni Mei hadi Agosti 1916: kukamatwa kwa baba, kuondoka kwa Wajerumani, kuingia kwa Waingereza, safari ya Korogwe. Mapigano ya 1914 yaingie kama kumbukumbu ya ukurasa mmoja na nusu tu, jambo ambalo watoto hawa waliliona pamoja wakiwa wadogo na ndilo lililofunga urafiki wao.

Kuhusu bunduki, itoe. Tatizo si maadili. Bunduki inamaliza mvutano: anayeishika ameshinda au ameshindwa, na kwa vyovyote msomaji hana cha kufikiri. Ujasiri wa mtoto unaaminika pale anapojua hatari, ana nafasi halisi ya kukaa kimya, na kitendo chake kinamgharimu kitu ambacho hatakipata tena ukurasa unaofuata. Angalia rasimu yako: Mbaraka anapofyatua bunduki hajui hatari, hana njia nyingine, na hapotezi kitu. Ndiyo maana wasomaji wako hawakusisimka.

Kila tendo la ujasiri lipewe deni. Chausiku akimpa mpagazi maji mbele ya askari, wiki inayofuata mama yake anakosa mgao wa chumvi. Si lazima iwe adhabu kubwa, ila ionekane.

---

MchanganyaPosho:

Hesabu ya chakula, kwa kuwa hakuna aliyeigusa na ndiyo moyo wa vita hivi.

Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa kwa ndorobo (mbung'o). Magari yalikwama. Kilichobaki ni vichwa vya watu. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 20 hadi 25 hivi, na alikula karibu kilo moja ya unga kwa siku. Piga hesabu: akitumwa kupeleka unga kwa askari walio mwendo wa siku kumi, kwenda na kurudi anakula kilo 20. Katika kilo 25 zilizotoka bohari, zinazofika ni tano. Ndiyo maana kila jeshi lilipokwenda mbali lilihitaji wapagazi wa kuwabebea chakula wapagazi, na ndiyo maana majumbe na maakida (viongozi wa wenyeji chini ya serikali) walitakiwa kutoa watu tena na tena, hata wasio na nguvu. Mtoto wa miaka 10 anaielewa hesabu hiyo. Mpe Mbaraka aifanye kwa kokoto mchangani. Akimaliza atajua baba yake hakuchukuliwa kwa sababu kuna mtu anamchukia. Hiyo ni nzito zaidi.

Waliokufa hawakufa kwa risasi kwa wingi unaoonyeshwa kwenye picha. Waliuawa na kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Na kuhara kulikuwa na sababu inayoelezeka: unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wenye chenga, unataka kupikwa muda mrefu. Kambi inafika jioni, kuni zimelowa, sufuria chache, alfajiri wanaondoka. Wanakula unga nusu mbichi. Waliozoea wali, ndizi au muhogo matumbo yao yalishindwa haraka. Kwa upande wa Waingereza peke yake makadirio ya wapagazi waliokufa yanapita 90,000. Upande wa Wajerumani hawakuhesabiwa vizuri.

Kwa hiyo baba yake Mbaraka ana kuhara damu. Kinachomfaa ni maji yaliyochemshwa, uji mwembamba uliopikwa hadi ukaiva, chumvi kidogo, na mtu wa kukaa naye. Hayo yote mtoto anaweza kuyafanya! Sura yako ya kilele ni sufuria ya uji unaochemka kwa saa nzima huku Mbaraka anataka kuutoa mapema kwa sababu baba analia njaa, na Chausiku anamkataza.

Na hao watoto njiani wanakula nini? Kilomita 80, mwendo wa kilomita 12 kwa siku (zaidi ya hapo mtoto anachubuka nyayo siku ya tatu), ni siku saba. Wawili wanahitaji karibu kilo moja ya nafaka kwa siku, kwa hiyo kilo saba, pamoja na kibuyu cha maji na chungu. Mtoto wa kilo 35 anaweza kubeba kilo tano au sita kwa siku nyingi mfululizo. Wakigawana wanafika. Wanafika, ila hawana cha kurudia. Usiwapunguzie tatizo hilo, ndilo hadithi.

---

Mchoraji_Kiko:

Kwa atakayekuchorea: askari wa Kijerumani avae khaki, kofia ndefu iliyofunikwa kitambaa cha khaki chenye kipande kinachoshuka kisogoni, na vitambaa vya kuzungushia miguu. Askari wa KAR (King's African Rifles, kikosi cha Waafrika) wa Waingereza kaptura, na mara nyingi miguu mitupu au makubadhi. Wasifanane.

Askari wengi wa Kijerumani mwanzoni mwa vita walikuwa na bunduki ya modeli ya 1871, risasi moja moja, baruti nyeusi. Inatoa wingu la moshi. Kama una mandhari ya mapigano kwa mbali, chora mawingu madogo meupe juu ya vichaka, mtoto aone moshi kwanza halafu asikie. Inatosha, huhitaji maiti.

Vyombo: debe la mafuta ya taa lilikuwapo, taa ya chemni ilikuwapo. Ndoo ya plastiki hapana (usicheke, imewahi kuchapwa). Nguo ziwe zimechakaa. Bahari imefungwa tangu 1915, kufika 1916 hakuna marekani mpya (kitambaa cha pamba) wala kanga mpya dukani. Chausiku akiwa na kanga mpya kwenye jalada, kitabu kimeshaanza vibaya.

---

KalamuChipukizi:

Nimekaa chini na kalamu nyekundu. Morogoro imekwenda, bunduki imekwenda, miaka minne imekuwa miezi minne.

Bado mambo mawili. Kwanza, watoto wanajuaje kwamba baba yuko Korogwe? Nilikuwa na mzee mmoja anayewaambia, lakini anaonekana kama nimemtengeneza kwa kazi hiyo tu. Pili, sijui nimfanye nini baba yake Chausiku. Shaushi anatoka kuwa mtu mwema kila ninapoandika, na nahisi nadanganya.

---

HifadhiYaKaratasi:

La kwanza lina jibu zuri lililoko kwenye historia yenyewe. Tumia barua, na tumia hati.

Wakati huo Kiswahili kiliandikwa kwa hati mbili. Waliosoma chuoni (madrasa) waliandika kwa herufi za Kiarabu, na barua nyingi za watu wa pwani zilikuwa hivyo. Shule ya serikali ya Wajerumani Tanga, iliyokuwapo tangu miaka ya 1890, ilifundisha herufi za Kirumi, na gazeti la Kiongozi lililotoka hapo Tanga lilichapwa kwa herufi hizo. Mtoto wa fundi wa reli angeweza kabisa kupelekwa shule ya serikali, baba akitaka awe karani. Binti wa shaushi angeweza kusoma chuoni tu.

Basi Mbaraka anasoma Kirumi, Chausiku anasoma Kiarabu. Karatasi mbili zinafika. Moja ni orodha ya karani wa reli, kwa herufi za Kirumi, ina jina la baba na neno "mgonjwa", haina mahali. Nyingine ni barua ambayo baba amemwomba mwalimu fulani amwandikie, kwa herufi za Kiarabu, inataja mto na daraja lililovunjika, haina jina la mji kwa sababu mwandishi alidhani inajulikana. Mto Pangani unapita Korogwe. Kila mtoto ameshika nusu. Yule mzee wako anaweza kupumzika.

Angalizo: Chausiku akisoma barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu asisome kama maji. Herufi zile hazionyeshi sauti zote za Kiswahili. Bila alama, "p" na "b" zinaweza kuandikwa sawa, na "o" na "u" vilevile. Asome kwa kukisia, arudie, abishane na Mbaraka. Utapata sura yenye ucheshi katikati ya kitabu kizito.

---

MhaririMsomaVitabu:

Kuhusu shaushi: acha kumfanya mwema au mbaya, mpe kazi. Nani alikusanya wapagazi mjini na vijijini? Askari, wakiongozana na akida au jumbe mwenye idadi ya kutimiza. Kwa hiyo shaushi, baba yake Chausiku, ndiye aliyekuwa zamu siku ile. Aliambiwa watu 40. Walipatikana 39. Fundi wa reli alikuwa anapita.

Weka hivyo na urafiki wa watoto unapata uzito ambao kiapo cha damu hakiwezi kuupa. Nauliza tu: Chausiku anajua lini? Usimpe msomaji na Chausiku siri hii kwa wakati mmoja. Msomaji ajue sura ya nne, kwa kuona jambo dogo, tuseme mkanda wa kazi wa baba yake Mbaraka umetundikwa nyumbani kwa shaushi. Chausiku aelewe sura ya tisa, wakiwa njiani, siku mbili kabla ya Korogwe. Kisha ana chaguo: amwambie Mbaraka sasa, wakiwa na unga wa siku mbili na hakuna mtu mwingine, au anyamaze mpaka wafike. Huo ndio ujasiri wa kitabu chako. Anapomwambia, Mbaraka achukue nusu yake ya unga na kutangulia peke yake. Asiwe mkarimu haraka. Sura nzima watembee mbalimbali, wakionana kwa mbali kwenye reli iliyonyooka.

Na wasipatane kwa hotuba. Daraja limevunjwa, mzigo hauvuki kwa mtu mmoja. Anasubiri. Basi.

Shaushi mwenyewe asirudi kuomba msamaha. Yuko safarini kusini na kikosi chake, kama ilivyokuwa kwa wengi.

---

NahodhaMstaafu:

Mmesahau nyuki. Vita vya Tanga bila nyuki ni nini? Weka sura ya nyuki, watoto wanaipenda. Hata ingekuwa Chausiku na Mbaraka ndio walioichokoza mizinga na kuwafukuza Waingereza.

---

HifadhiYaKaratasi:

Nyuki ni kweli: tarehe 4 Novemba 1914 risasi ziliwavuruga, wakatoka wakauma watu wa pande zote mbili. Uvumi kwamba Wajerumani waliwatega ulienea baadaye na hauna msingi. Ukiwapa watoto wawili sifa hiyo umechukua tukio la kweli na kumpa mtu asiyekuwapo. Hilo ndilo kosa ambalo wasomaji wakali hawasamehi kwenye riwaya ya kihistoria ya watoto: mhusika wa kubuni anaamua matokeo ya jambo lililoandikwa. Mhusika wa kubuni abadilishe maisha ya watu wa kubuni, kama baba mgonjwa Korogwe, na historia kubwa ipite juu ya kichwa chake.

Lakini kama uvumi, watumie. Mwaka 1916 watoto wa mtaa wote wangekuwa na toleo lao la nyuki wa Tanga, kila mmoja akiongeza chumvi. Nusu ukurasa, si zaidi.

---

MhaririMsomaVitabu:

Naunga mkono nusu ukurasa.

Kuhusu sehemu za kutisha, maana hukujibiwa vizuri. Kwa umri huu usifiche kifo, ila chagua kimoja. Mtoto anahesabu; maiti ya pili inapunguza ya kwanza. Kwenye kibanda cha Korogwe kuna mtu kitanda cha jirani, mpagazi kutoka mbali ambaye lugha yake hawaielewi vizuri, anawafundisha kufunga kata ya kubebea mzigo kichwani. Asubuhi moja hayupo na mkeka umekunjwa. Mwambie msomaji wazi kwamba amekufa, kwa sentensi moja, usiseme "amelala". Kisha endelea na uji. Wapagazi wengi wa upande wa Waingereza walivaa shingoni kipande cha chuma chenye namba. Kama mtu huyo alihama mikono, anaweza kuwa nacho, na Mbaraka akakariri namba hiyo kwa sababu jina hawakuwahi kulipata sawasawa.

Baada ya tukio kama hilo weka sura yenye kazi za mikono, si mchezo wala kichekesho. Msomaji mdogo hutulia akiona mtu anachota maji, anapasua kuni. Kichekesho mara baada ya kifo kinasomeka kama dharau.

Mazungumzo: hakuna "Kama unavyojua, Waingereza walitangaza vita Agosti 1914." Kila unapotaka kueleza tarehe, ipeleke maelezo ya mwisho, maneno 500 hadi 600, yakisema nini ni kweli na nini umebuni. Heshima za maneno ziwe za wakati ule na pale: mtoto atamwamkia mzee shikamoo, atamwita baba wa rafiki yake "baba", na askari watamwita ofisa wao "efendi". Kimtang'ata (lahaja ya pwani ya Tanga) kidogo kwa wazee kitaleta ladha, lakini wahusika wakuu waongee Kiswahili ambacho mtoto wa Mwanza na wa Lamu wote wanakielewa.

---

Mchoraji_Kiko:

Ramani moja tu, kurasa mbili zilizofunguka, kutoka Tanga hadi Mombo. Andika majina ya sasa makubwa na ya Wajerumani madogo chini yake, mfano Lushoto na Wilhelmstal. Chora reli kwa mistari midogo ya kukatisha, na pale ilipovunjwa acha pengo. Usichore mishale ya majeshi. Weka vituo vya watoto vya kulala, sita kati ya Tanga na Korogwe, na uhakikishe nafasi kati yao zinalingana na kilomita 12, maana watoto hupima kwa kidole.

---

KalamuChipukizi:

Asanteni. Swali dogo la mwisho: Waingereza wako Tanga na Korogwe Julai. Watoto wakikutana nao njiani, je, watazuiwa?

---

MchanganyaPosho:

Watakutana nao, hasa mafundi wanaotengeneza reli na madaraja, na misururu ya wapagazi inayoelekea Handeni. Hatari kwa Mbaraka si kupigwa risasi. Ana miaka 12 lakini kama ni mrefu anaweza kuhesabiwa mtu mzima na kuwekewa mzigo. Kwa hiyo Chausiku atangulie kila penye kambi, na Mbaraka apite vichakani mchana wa jua kali, saa saba hadi saa tisa, watu wanapokuwa kivulini. Akipita alfajiri anakutana na msururu unaoondoka, akipita jioni anakutana na unaofika. Julai Tanga ni kipupwe, na penye majani makavu yanapiga kelele. Atembee kwenye kokoto za reli kila anapoweza, na ashuke tu anapoona moshi wa jiko mbele.

Na unga wabebe yeye na Chausiku kila mtu wake. Usimpe mmoja mfuko wote, maana ile sura ya kugombana haitawezekana.